Nani Ajue Kwamba Barua Imesomwa?

Ukifungua barua pepe ya tangazo kwenye simu, kuna uwezekano mkubwa simu yako imekwisha kumjibu aliyeiandika kabla hujamaliza mstari wa kwanza. Hukubonyeza kitufe cha kujibu wala hukugusa kiungo chochote. Simu imekuta ndani ya barua anwani ya picha iliyohifadhiwa kwenye seva ya mbali, ikaenda kuichukua, na kule kwenda kuichukua ndiko kujibu kwenyewe. Seva iliyotoa picha imeandika saa na dakika, anwani ya IP ya mtandao uliotumika na aina ya programu iliyoomba, kama programu yako haivifichi, na namba iliyofichwa kwenye anwani ya picha, namba ambayo amepewa mpokeaji mmoja tu. Tumezoea kulizungumza jambo hili kama tawi la vita dhidi ya barua taka: zuia picha za usiowajua, ruhusu za unaowajua. Historia yake inasema mengine. Tangu mwanzo, swali lililokuwa mezani ni nani mwenye haki ya kujua kwamba barua imesomwa, na karibu kila mara programu za barua zilipobadilisha namna ya kushughulikia picha, zililijibu swali hilo kwa niaba ya msomaji.

Barua pepe ya mwanzo haikuwa na uwezo huo hata kidogo. Ray Tomlinson alipotuma ujumbe kati ya kompyuta mbili za mtandao wa ARPANET mwaka 1971, kilichosafiri kilikuwa herufi tupu. Kanuni zilizotolewa Agosti 1982, ile ya Jon Postel kuhusu usafirishaji wa barua na ile ya David Crocker kuhusu umbo lake, nazo zilihusu maandishi pekee. Ukifungua barua ya namna hiyo, kompyuta inasoma kilichokwisha kufika, hakuna kinachotoka. Barua taka zilikuwapo tayari. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya Digital Equipment Corporation, aliwatumia watumiaji wa ARPANET wapatao 400 tangazo la maonyesho ya kompyuta mpya, na malalamiko yakamiminika. Alijua amesomwa kwa sababu watu waliinua sauti. Aliyenyamaza alibaki hajulikani: huenda alisoma, huenda alifuta. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa wapo wanaoamini kwamba picha ndizo zilizoleta barua taka. Barua taka zilitangulia picha kwa miaka mingi. Kilicholetwa na picha ni mtumaji kumjua hata msomaji aliyenyamaza.

Picha zenyewe ziliingia kwenye barua kwa njia safi. Nathaniel Borenstein na Ned Freed walibuni kiwango cha MIME, kilichochapishwa Juni 1992, kinachoruhusu barua kubeba picha, sauti na mafaili ndani yake. Tarehe 11 Machi mwaka huo Borenstein alikuwa ameshatuma barua yenye picha ya kikundi cha waimbaji wanne, yeye akiwa mmoja wao, pamoja na sauti zao wakiimba. Vyote vilisafiri ndani ya barua, na aliyeifungua aliviona bila kompyuta yake kubisha hodi popote. Kisha, Februari 1993, Marc Andreessen, aliyekuwa akitengeneza kivinjari cha Mosaic, akapendekeza alama ya HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) ya kuweka picha kwenye ukurasa kwa kutaja anwani ya mahali ilipo. Kwa tovuti hilo halikuwa na tatizo, maana anayeitembelea amekwenda mwenyewe kwa mwenye tovuti. Lakini katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 programu za barua za Netscape na Microsoft zikaanza kusoma HTML, na alama ileile ikahamia kwenye barua. Msomaji wa barua hajakwenda kokote. Barua ndiyo iliyomjia, nayo sasa ikawa inaituma kompyuta yake irudi kwa mwandishi. Njia nyingine ilikuwapo: kiwango cha mwaka 1997 kilieleza jinsi HTML ya barua inavyoweza kuonyesha picha iliyofungwa ndani ya barua hiyohiyo bila kugusa mtandao. Watumaji wakubwa hawakuipenda, na sababu yao ya kwanza ilikuwa ya haki. Tangazo lenye picha sita likitumwa kwa watu laki moja huwa mzigo kwa seva zote za njiani, ilhali anwani ya picha ni mstari mmoja wa maandishi. Sababu ya pili ilikuja baadaye ikaifunika ya kwanza: picha inayochukuliwa kwenye seva yako inahesabika.

Mwezi Machi 1998 ulitoka waraka namba 2298 wa viwango vya intaneti, unaoeleza jinsi mtumaji anavyoweza kuomba taarifa kwamba barua yake imefunguliwa. Huo ndio ushahidi ninaouona mzito kuliko wote katika historia hii. Kwa desturi, waandishi wa viwango hawaingilii mazungumzo ya programu na mtumiaji wake, na waraka wenyewe unasema hivyo. Lakini hapa waliiacha desturi yao wakasisitiza kwamba programu ipate ridhaa ya mtumiaji kabla ya kutuma taarifa yoyote. Msimamo huo unafanana na mila ya posta, ambako barua ya rejista inayodai uthibitisho wa kupokelewa hulipiwa na mtumaji, na anayeipokea hutia saini kwa mkono wake akijua anachosaini. Kwa hiyo hatuwezi kusema wahandisi wa zama zile hawakulifikiria jambo hili. Walilifikiria, wakaamua kwamba taarifa ya kusomwa ni ya msomaji, naye aombwe kwa uwazi. Wakati huohuo programu zilezile za barua ziliiacha picha ya mbali itoe taarifa ileile, tena yenye mambo mengi zaidi, bila kumuuliza mtu.

Aliyelianika jambo hilo hadharani ni Richard M. Smith, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani. Novemba 1999 shirika la EFF, linalotetea haki za watu mtandaoni, lilichapisha maelezo yake kuhusu picha ndogo zisizoonekana ambazo kampuni za matangazo zilikuwa zikizitega kwenye kurasa za wavuti na kwenye barua pepe. Picha hiyo inafaa kutazamwa kwa karibu. Ni faili la GIF lenye nukta moja tu, isiyo na rangi. Faili zima linaweza kuwa na baiti 43: sita za kutaja kwamba hii ni GIF, saba za ukubwa wa eneo, sita za orodha ya rangi mbili, nane za kusema kwamba rangi mojawapo haionekani, kumi za mahali nukta inapokaa, tano za nukta yenyewe, na moja ya kufunga. Hakuna jicho litakaloiona, na thamani yake yote iko katika kule kuombwa kwake. Smith alionyesha pia hatari ya kuunganisha mambo. Kivinjari na programu ya barua mara nyingi vilitumia ghala moja la vidakuzi, yaani alama ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kompyuta ya mtu, kwa hiyo kampuni iliyokuwa ikimfuatilia mtu asiye na jina kutoka tovuti hadi tovuti ingeweza, kwa barua moja yenye picha, kuipata anwani yake na kuiweka juu ya kumbukumbu zake zote za nyuma.

Hata hivyo, kilichozisukuma kampuni za programu zichukue hatua hakikuwa maelezo hayo. Ilikuwa wingi wa barua taka wa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watumaji wake walikuwa wakibuni anwani kwa maelfu, wakiunganisha majina ya kawaida na majina ya watoa huduma, kisha wakizitumia zote kwa mpigo. Nyingi zilikuwa hewa. Seva inayokataa barua ilikuwa ikiwaambia anwani ipi haipo, lakini picha iliwaambia zaidi: kuna mtu nyuma ya anwani hii, na ni mtu anayefungua barua asizozijua. Basi Outlook ya Microsoft, toleo la mwaka 2003, ikaanza kuzuia picha za mbali bila kusubiri mtumiaji aombe. Agosti 2004 Outlook Express ikafuata kupitia sasisho la pili la Windows XP. Gmail, iliyozinduliwa tarehe 1 Aprili 2004, nayo ilizificha picha mpaka msomaji abonyeze, na Thunderbird ikafanya vivyo hivyo. Ulikuwa ushindi, ila ushindi uliopatikana kwa hoja finyu. Kwa kuwa mlengwa alikuwa mtumaji wa barua taka, ulinzi uliondoka pale tu msomaji alipomkubali mtumaji. Matukio ya mwaka 2006 yalionyesha ufinyu huo. Februari, jopo la mamlaka za ulinzi wa data za Umoja wa Ulaya lilizipinga kwa lugha kali huduma zilizomwezesha mtu yeyote kujua kama barua yake imesomwa na saa ngapi, kwa kuwa msomaji hajui wala hajaridhia. Septemba ikafichuka kwamba wapelelezi wa kampuni ya Hewlett-Packard, katika kumsaka aliyekuwa akivujisha siri za bodi, walikuwa wametumia, pamoja na mbinu nyingine, barua pepe ya hila kwa mwandishi wa tovuti ya habari ya CNET, yenye faili lililotegwa kifuatiliaji. Mwenyekiti wa bodi, Patricia Dunn, alijiuzulu, na Bunge la Marekani likafanya kikao cha kuwahoji wahusika. Hakuna kichujio cha barua taka ambacho kingeikamata barua ile. Ilikuwa barua moja, kwa mtu mmoja.

Simu ndiyo iliyourudisha nyuma ushindi wa 2004. Simu za BlackBerry za mwanzo zilionyesha maandishi matupu, kwa hiyo swali halikuzuka. iPhone ilipotoka Juni 2007, mojawapo ya sifa zake zilizonadiwa ilikuwa kuonyesha barua za HTML kama zilivyo kwenye kompyuta, na picha zikaja zenyewe bila kuulizwa. Uamuzi huo unaeleweka. Mtu anayesoma kwa kidole gumba, amesimama ndani ya basi, hataki miraba mitupu na maswali ya ruhusa. Lakini kama kuna chombo ambacho hakikufaa kulegezwa, ni hicho. Kompyuta ya ofisini hukaa mezani na kuzimwa jioni. Simu hulala na mwenyewe, kwa hiyo saa za kufungua barua huchora siku yake nzima, tangu anapoamka. Simu huhama kutoka mtandao hadi mtandao, na ingawa anwani za IP za kampuni za simu hutumiwa na watu wengi kwa pamoja na hazisemi mengi kuhusu mahali, Wi-Fi ya ofisi, chuo au hoteli inaweza kusema mengi. Picha hizo hula bando la msomaji, jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki anayenunua MB za siku analijua vizuri kuliko wabunifu wa programu hizo. Zaidi ya yote, kwenye kioo kidogo programu nyingi huonyesha jina la mtumaji na kuificha anwani yake, na jina hilo huandikwa na mtumaji mwenyewe apendavyo. Ile kanuni ya kuruhusu picha za unaowajua inabaki bila msingi pale tapeli anapoweza kujiita benki yako. Zipo programu zilizoshika msimamo. K-9 Mail, programu huria ya Android iliyoanza mwaka 2008 na ambayo mwaka 2024 ilizaa Thunderbird ya Android, haichukui picha za mbali mpaka uiambie. Watumiaji wake, hata hivyo, ni wachache mno ukilinganisha na wa Gmail.

Tarehe 12 Desemba 2013 Google ilitangaza kwamba Gmail itaonyesha picha zote moja kwa moja, kwenye kompyuta kwanza na kwenye simu mwanzoni mwa 2014. Hoja yake ilikuwa kwamba picha sasa zitachukuliwa na seva zake, zikaguliwe, kisha zipewe msomaji, kwa hiyo mtumaji hataona anwani ya IP wala aina ya simu. Sehemu hiyo ni kweli, na ni faida halisi. Lakini namba iliyofichwa kwenye anwani ya picha ilibaki palepale. Seva ya Google inapoiomba kwa mara ya kwanza, inaiomba kwa sababu mtu mmoja mahususi amefungua barua yake, na mtumaji anaijua saa hiyo. Kwa hiyo kiini chenyewe cha swali, yaani kusomwa au kutosomwa, kilihamishiwa upande wa mtumaji kwa watu wengi mno kwa uamuzi mmoja. Wapo wanaojibu kwamba Gmail huzizuia picha kwenye folda ya barua taka na kwa watumaji inaowashuku. Ndivyo ilivyo, na hapo ndipo hoja finyu ya 2004 ilipozaa matunda yake: ukiamini kwamba tatizo ni barua taka, basi kichujio kizuri kinakutosha. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton uliochapishwa mwaka 2018, wa Steven Englehardt, Jeffrey Han na Arvind Narayanan, ulichunguza barua za orodha ambazo watafiti wenyewe walijiandikisha kuzipokea. Ukakuta kwamba takriban asilimia 30 ya barua hizo zilipofunguliwa zilipeleka anwani ya msomaji kwa kampuni za watu wengine kabisa. Hizo ni barua halali.

Wauzaji wana utetezi wao, na haufai kupuuzwa. Wanasema kujua nani anafungua barua huwasaidia kuwaondoa wasiopendezwa, hivyo barua zisizotakiwa zinapungua. Kuna ukweli ndani yake, ila lengo hilo linafikiwa bila kuchungulia. Mtu anayebonyeza kiungo, anayejibu, anayenunua au anayejiondoa kwenye orodha ametenda kwa hiari yake, na kitendo hicho kinatosha kuhesabiwa. Februari 2024 Gmail na Yahoo zilianza kuwataka watumaji wakubwa wathibitishe utambulisho wao, waweke njia ya kujiondoa kwa mbonyezo mmoja, na wasivuke asilimia 0.3 ya malalamiko ya barua taka. Hakuna hata sharti moja kati ya hayo linalohitaji nukta isiyoonekana. Tena ufuatiliaji ulishatoka mikononi mwa wauzaji na kuingia kwenye maisha ya kawaida: Julai 2019 programu ya barua pepe ya Superhuman, baada ya kukosolewa kwamba inamwonyesha mtumaji hata mahali barua ilipofunguliwa, iliomba radhi na kuliondoa jambo hilo la mahali. Na anayesema picha ni picha tu, haina madhara, akumbuke Mei 2018. Watafiti wa vyuo vikuu vya Münster, Ruhr-Bochum na KU Leuven walionyesha shambulio waliloliita Efail. Mshambuliaji huchukua barua iliyofichwa kwa usimbaji, anaizungushia HTML yake, na programu ya mpokeaji inapoifumbua, maandishi ya siri yanaingia ndani ya anwani ya picha na kutumwa kwa mshambuliaji. Programu ya Mail ya iPhone na Thunderbird zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika. Mlango ulioachwa kwa ajili ya takwimu za matangazo ulitosha kupitisha siri nzima.

Apple ilipotoa iOS 15 tarehe 20 Septemba 2021 ilichukua njia tofauti na ya Google. Programu yake ya Mail huzichukua picha zote kupitia vituo viwili vinavyoendeshwa na taasisi tofauti, iwe barua imefunguliwa au la, kwa hiyo mtumaji akiambiwa imefunguliwa hajaambiwa kitu. La maana zaidi kwangu ni kwamba mtumiaji aliulizwa. Alipofungua programu kwa mara ya kwanza alikuta maelezo mafupi na chaguo mbili, kulindwa au kutolindwa. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kwa pendekezo la waraka wa 1998 kuifikia picha. Wauzaji walilalamika kwamba viwango vyao vya ufunguaji vimevurugika, kisha wakahamia kuhesabu mibonyezo, na biashara haikufa. Ila nisiisifu kupita kiasi. Ulinzi huo uko ndani ya programu ya Mail pekee. Anayesoma kwenye iPhone kwa kutumia programu ya Gmail haumhusu. Kuchukuliwa kwa picha kunaweza bado kumthibitishia mtumaji kwamba anwani ipo. Na kwa Google na kwa Apple pia, imani iliyoondolewa kwa mtumaji imekabidhiwa kampuni ya katikati, ambayo inaweza kubadilisha utaratibu wake kwa sasisho moja, kama Gmail ilivyofanya Desemba 2013.

Ndiyo maana jibu haliwezi kuachwa kwa kampuni za programu peke yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayotaka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahususi na ya mtu aliyeelezwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tume ya kuisimamia. Nukta isiyoonekana haiwezi kuwa imepewa ridhaa ya wazi na mtu ambaye hata hakuambiwa kwamba ipo. Benki, kampuni za simu, vyuo na taasisi za serikali zinazotuma barua zenye nukta hizo zinapaswa kuulizwa na wasimamizi wa sheria hizi kwa msingi gani zinafanya hivyo. Wakati tukisubiri waulizwe, msomaji anaweza kuanza mwenyewe. Kwenye programu ya Gmail ya Android, fungua mipangilio, chagua akaunti yako, teremka hadi sehemu ya picha, kisha chagua kuulizwa kabla picha za nje hazijaonyeshwa. Kama una akaunti zaidi ya moja, rudia kwa kila moja, kwa sababu chaguo la akaunti moja haliihusu nyingine.